Kifaransa cha Ng'ombe

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa kapela ya Mushaki, na kufika saa nne Papa Nzabandora alikuwa amelisoma mara tatu. Mara ya kwanza aliwasomea watu waliotoka misa. Mara ya pili alimsomea Mama Consolée aliyechelewa. Mara ya tatu alijisomea mwenyewe, kwa sauti, kwa sababu lilimpendeza.

Lilikuwa la Kifaransa, na hapo ndipo heshima ya Papa Nzabandora ilipokaa. Watu waliokimbia vita Kirolirwe pamoja naye walijua kuchunga, kukamua na kutengeneza jibini, lakini yeye peke yake aliwahi kufanya kazi miaka sita na daktari wa mifugo, akimbebea sanduku la dawa na kumwandikia rejista. Kifaransa chake chote kilitoka kwa ng'ombe. Alijua kuandika homa, kuhara na kuvimba kiwele, na alijua kwamba kila ukurasa wa rejista ulianza na neno “consultation” na kuishia na neno “traitement”. Maana yake ng'ombe alipimwa, kisha akatibiwa.

Tangazo lilikuwa na maneno yote mawili. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, “consultation publique”. Chini yake “secteur privé”. Chini zaidi “traitement”, halafu “consentement”, halafu mstari mzima juu ya “protection de la vie privée”.

“Iko waganga,” aliwaeleza. “Si ba Serikali. Ni ba secteur privé, bale ba kliniki ya Goma benye mashini. Banakuja kupima watu wote, publique, bure. Nyuma ya kupima, traitement. Na hapa banasema protection de la vie. Ni kulinda maisha.”

Mama Consolée, aliyekuwa akikohoa tangu mvua zianze, alinyosha kidole penye maneno mawili ya katikati, “données personnelles”, akauliza hayo ni nini. Papa Nzabandora aliyatazama kwa muda mrefu kidogo kuliko mengine.

“Ni bintu bya kupewa,” akasema. “Kila mutu, yake. Pengine iko dawa.”

“Na hii consentement?”

Hilo alilijua vizuri. Siku ng'ombe wake Gaju aliposhindwa kuzaa na daktari akataka kumpasua, alimtaka kwanza yeye, mwenye ng'ombe, atie sahihi. Papa Nzabandora alishusha sauti.

“Ile iko karatasi ya kukubali bakupasue.”

Wanaume wawili waliokuwa wakisikiliza waliondoka palepale.

Hakuwa na nia ya kupimwa yeye. Alimfikiria mkewe, Mama Béata, ambaye ugonjwa wake ulianzia kwenye simu.

Mwezi mmoja baada ya wao kukimbia, mwanamume asiyejitaja alimpigia Papa Nzabandora na kumwita kwa majina yake yote. Alijua kwamba mzee ana ng'ombe saba. Alimtajia hata maziwa aliyokuwa akiyatoa kila asubuhi, kisha akauliza kwa upole wanyama wenyewe wamelala wapi siku hizi. Habari ile ya maziwa ilikuwa imeandikwa mahali pamoja tu, katika daftari la Karangwa, mkusanya maziwa wa Kirolirwe, pamoja na namba za simu za wafugaji wote. Jirani yao Habiyaremye aliulizwa vilevile, naye akajibu. Siku ya tatu zizi lake lilikuwa tupu, na yeye mwenyewe hakuonekana tena.

Papa Nzabandora alitupa ile kadi ya simu na kununua nyingine kwa jina la mkewe. Namba mpya aliijua mtu mmoja tu, Ntwari, kaka yake Mama Béata, ambaye ndiye aliyewaficha wale ng'ombe saba. Hata hivyo, kila simu ilipolia, Mama Béata alishika kifua, na mikono yake ikawa baridi kama ya mtu aliyetoka kufua mtoni. Muuguzi wa Mushaki alimpa vidonge vya malaria.

“Muganga gani anakuja na hasemi jina ya hopitali yake?” aliuliza Mama Béata jioni ile.

“Secteur privé,” akajibu mumewe, kama mtu aliyemaliza maneno yote.

Alhamisi, siku iliyotajwa kwenye tangazo, Mama Béata alioga na kuvaa kitenge chake kisafi. Hakula kitu, kwa sababu mumewe alimwambia waganga wa Goma hutaka damu ya mtu mwenye njaa. Alimwambia pia kwamba watataka mkojo. Mama Béata alikataa mara mbili, kisha akauweka katika chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, akaifunga kwa karatasi na kuishika chini ya kitenge njia nzima.

*

Ukumbi wa kapela ulikuwa umejaa. Watu wa Mushaki walikuwepo, na waliokimbia kutoka vilima vya juu, na wengine wengi ambao hakuna aliyewajua, kwa maana majuma yale bunduki zilikuwa zimetulia na barabara ya Sake ilikuwa imefunguliwa. Mlangoni paliwekwa meza, na juu ya meza orodha ya wote waliohudhuria. Kila mtu alitakiwa kuandika jina, mahali alipotoka, mahali anapokaa sasa na namba ya simu, kisha atie sahihi.

Wengi hawakujua kuandika. Papa Hilaire, katekista, aliyekuwa akiiangalia ile meza, alimwona Papa Nzabandora na kumwomba amsaidie. Mzee hakungoja kuombwa mara mbili. Aliketi, akavuta kalamu, akaujaza ukurasa mzima kwa mwandiko ule mzuri wa rejista, herufi zikilala zote upande mmoja. Aliandika jina la Mama Consolée na namba yake. Akaandika lake na la mkewe, na namba ile mpya. Alikuwa angali akiandika wakati mbele ya ukumbi mwanamke wa makamo, Madame Emérita kutoka Goma, aliposalimu watu na kueleza sababu ya safari yake. Papa Nzabandora alisikia sauti tu. Alipomaliza ukurasa na kuingia, maelezo yalikuwa yamekwisha.

Aliketi karibu na mkewe, kwenye benchi la mbele alilokuwa amewekewa.

“Huyu si muganga,” Mama Béata alimnong'oneza. “Anasema maneno ya sheria.”

“Ba Goma banaanzaka na maneno.”

“Hana hata koti mweupe.”

“Siku hizi bameacha.” Akamwonyesha kwa kidevu simu kubwa iliyolazwa mezani, taa yake nyekundu ikimeta. “Mashini iko pale. Imeshaanza.”

Madame Emérita alikuwa amechoka. Kabla ya Mushaki alikuwa amepita katika kumbi tatu, na kote watu walimweleza habari za barabara na maji. Aliuliza tena, safari hii kwa Kiswahili cha polepole, ni nani aliye na tatizo aseme bila woga. Papa Nzabandora alisimama na kuvua kofia.

“Madame, miye ninaleta bibi yangu.”

“Karibu, Papa. Probleme ya Mama ni nini?”

“Iko telefone.”

Uso wa Madame Emérita ulibadilika kama wa mtu aliyepata alichokipoteza. Akachukua kalamu.

“Endelea, Papa. Telefone inamufanya nini?”

“Ikilia, roho yake inaruka. Inapiga mbio, mikono inakuwa baridi. Siku ingine anaanguka.”

“Ilianza lini?”

Swali zuri, alifikiri Papa Nzabandora. Daktari wa mifugo naye alianzia hapohapo. Akaeleza yote kwa mpangilio, jinsi alivyozoea kumwelezea daktari safari ya ugonjwa: daftari la maziwa, majina, namba, yule mwanamume mpole wa kwenye simu, Habiyaremye na zizi lake. Madame Emérita aliandika bila kuinua kichwa. Hata Mama Consolée aliziba kikohozi kwa kiganja. Papa Nzabandora hakuwahi kusikilizwa namna ile maishani mwake, na jambo hilo lilimpa nguvu ya kusema zaidi.

“Na sasa Mama anaendelea namna gani?” akauliza Madame Emérita.

Hapo alitaka kusaidia. Daktari asipojua kinachotuliza ugonjwa, atatibu nini?

“Kuko fasi moja tu anapata nafuu,” akasema. “Tukishuka Bweremana kwa kaka yake, kule nyuma ya kahawa ya zamani, kwenye tuliweka ngombe. Akizisikia zinatafuna, roho inarudi. Analala muzuri.”

Mama Béata alikamata pindo la koti la mumewe na kulivuta kwa nguvu hata mshono ukalia. Mzee alidhani anamhimiza.

“Asante, Papa. Hii njo mufano tulikuwa tunatafuta,” akasema Madame Emérita. “Swali ya mwisho. Mulitoa consentement?”

Papa Nzabandora alirudi nyuma hatua moja na kumkinga mkewe kwa mkono.

“Hapana, Madame. Ya kumupasua hatukubali. Tunaomba vidonge tu. Na mukojo tumeleta.”

Kicheko kilianzia kwa vijana wa nyuma, kikapita benchi kwa benchi hadi mbele. Hata Mama Consolée alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Mama Béata aliirudisha ile chupa chini ya kitenge na kuinamisha kichwa. Mumewe alibaki amesimama, kofia mkononi, akitazama uso huu na ule, akingoja mtu mmoja amwambie kilichochekesha.

Papa Hilaire ndiye aliyekuja, akamshika bega.

“Papa Nzabandora, hii si ya hopitali. Banaandaa sheria mupya. Secteur privé ni watu ba biashara, ba telefone, ba kutuma feza, ba maziwa, benye banachukuaka majina yetu na namba zetu. Sheria itawakataza kuzitoa kwa mutu mwingine bila siye kukubali. Consentement njo kule kukubali. Données ni zile habari zetu. Consultation njo hii, Madame amekuja kutuuliza mawazo.”

“Na traitement?”

“Iko namna banatumia zile habari.”

“Na la vie?”

“Ni maisha yako ya ndani, Papa. Bintu byako byenye watu bengine hawapaswe kujua.”

Kicheko kilikuwa kinaisha sasa, mtu mmoja mmoja, kadiri kila mmoja alivyokumbuka alichokisikia kabla ya kucheka. Bweremana. Kaka yake. Nyuma ya kahawa ya zamani. Papa Nzabandora aligeuka kuutazama ukumbi. Nyuma kabisa, watu aliowaona kwa mara ya kwanza siku ile walikuwa wameegemea ukuta, wengine wakiwa na simu mikononi. Kati yao mmoja alikuwa akitoka. Labda alikuwa akienda kukojoa tu.

*

Madame Emérita alikuwa amealika pia wenye biashara waje wajibu. Aliyesimama alikuwa Karangwa, yule mkusanya maziwa, katika koti lililomlegea mabegani. Papa Nzabandora hakuwa amemwona tangu Kirolirwe. Karangwa alisema, macho chini, kwamba daftari hakuliuza. Lilichukuliwa kwenye kizuizi cha barabarani pamoja na madumu. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba wote husema hivyo, mwingine akamtetea, na mwisho hakuna aliyejua aamini lipi.

Papa Nzabandora hakusikiliza. Alikwenda moja kwa moja mezani.

“Madame, naomba maneno yangu.”

“Namna gani, Papa?”

“Nilisema nikizania nasema na muganga. Muganga hasemake kwa watu. Naomba unirudishie, na ile karatasi ya mulango, ile niliandika.”

Madame Emérita alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma mzee kuliko kicheko. Alimweleza kwamba alichoomba ni haki kabisa. Katika rasimu ya sheria kuna kifungu kinachosema kwamba mtu anaweza kudai habari zake zifutwe.

“Basi nadai.”

“Haijakuwa sheria bado, Papa. Njo maana tunakusanya mawazo. Na ile liste ya mulango bananiomba ku bureau, kurasa zote na namba zake. Ikikosekana moja, banasema sikufika hapa.”

“Unataka wazo yangu?”

“Ndiyo, Papa.”

“Wazo yangu njo ile. Ufute.”

Madame Emérita aliinama akaandika katika ripoti kwamba mshiriki mmoja anapendekeza habari zifutwe. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akamwuliza jina lake linaandikwaje.

Papa Nzabandora aliweka kofia kichwani na kutoka nje.

Mama Béata alikuwa pembeni ya kapela, akimwaga ile chupa kwenye majani. Hakumlaumu. Alimpa mgongo mpaka alipomaliza, akaifuta chupa kwa karatasi, akaiweka mfukoni, kwa maana chupa yenye kifuniko haitupwi.

“Tuende tutoe ngombe leo,” akasema.

“Pengine hakuna mwenye alisikia muzuri.”

“Walisikia. Walicheka kwa pamoja.”

Vijana waliokaa kwenye ukuta wa mawe walimwita Papa Nzabandora “Docteur” na kumuuliza kama anatibu na meno. Akapita kama hakusikia. Karangwa aliwafuata hadi barabarani, akiwa amevua lile koti. Mama Béata alimtangulia kusema kwamba hawana neno naye. Karangwa akasema hakuja kujitetea.

“Ninajua munaenda wapi,” akasema. “Mukizihamisha, musiniambie hata miye.”

Akageuka na kurudi. Papa Nzabandora alimtazama akienda na kujaribu kukata shauri kama yule ni mtu mwema ama mtu mbaya. Akashindwa, na pikipiki ilikuwa inangoja.

*

Ntwari hakuelewa. Aliwaona wakishuka kwenye pikipiki saa tisa, wote wawili na vumbi la Sake usoni, na kabla ya salamu dada yake alikuwa amefungua zizi. Aliuliza nani kafa. Papa Nzabandora alijaribu kumweleza: kulikuwa na consultation, lakini si ya kupima, traitement si ya kutibu, na mtu aliyekuja kulinda siri za watu ndiye aliyeziandika zote. Kadiri alivyoeleza, ndivyo yeye mwenyewe alivyozidi kupotea ndani yake. Mwishoni alisema tu kwamba amekosea kusoma.

Mama Béata aliposikia hivyo alisimama kidogo, mkono kwenye shingo ya Gaju. Katika ndoa yao ya miaka thelathini na nne, neno hilo hakuwahi kulisikia kwake.

“Tembea,” akamwambia, bila ukali. “Bado kuko mwanga.”

Walipanda kwa njia ya nyuma, Gaju mbele, yeye na mimba yake ya miezi minane akipumua kwa shida kwenye mwinuko, na nyuma yake wale sita. Mahali walikopelekwa hapatatajwa hapa. Ni mbali, na nyasi zake si nzuri.

Walikuwa wamefika nusu ya kilima simu ilipolia mfukoni mwa Mama Béata.

Ng'ombe wakasimama. Ntwari, mtu pekee aliyeijua namba ile, alikuwa mbele yao na fimbo mkononi. Alitazama nyuma. Papa Nzabandora aliichukua simu, akatazama namba kwenye kioo kidogo, akaisoma mara mbili kama alivyosoma tangazo, lakini safari hii hakudiriki kusema maana yake.

“Iko nani?” akauliza Ntwari.

“Sijue.”

“Namba zetu zimeshawafikia,” akasema Mama Béata.

Ililia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Alimnyang'anya mumewe simu, akafungua mgongo wake kwa ukucha, akatoa betri, akatoa kadi, akaitia kati ya meno na kuivunja. Vipande akavitema kwenye matope na kuvikanyaga. Papa Nzabandora alimshika mkono ili amsaidie kuvuka, akaukuta ni wa moto.

Wakati huohuo, Sake, katika mstari wa magari yaliyongoja kupita kwenye kizuizi, Madame Emérita alikuwa ameweka simu sikioni kwa mara ya tatu. Mapajani pake palikuwa na ukurasa mmoja wa orodha, ule ulioandikwa kwa herufi zilizolala upande mmoja. Alikuwa ameutoa kati ya kurasa nyingine na kukusudia kusema ofisini kwamba ulilowa mvua. Sauti ya mzee katika ile simu kubwa alikuwa ameshaifuta. Alitaka kumwambia hivyo tu, ili mama yule alale, na ng'ombe wasihangaishwe bure. Sauti ya mashine ikamjibu kwamba namba aliyopiga haipatikani.

Aliuchana ukurasa vipande vidogo na kuviachia dirishani. Lakini kabla ya kuuchana, alifungua daftari lake mwenyewe, akanakili kwa uangalifu jina la Mama Béata na la mumewe, namba ya simu, na chini yake, “Bweremana, kwa kaka, nyuma ya kahawa ya zamani”, asije akasahau pa kuwatafuta ili awape habari njema.